Suhaib Hajapata Kuumwa

Ijumaa ile, tangu chai ya asubuhi, Mwatum alikaa juu ya godoro lake la eda na simu mapajani, akisubiri kama mtu anayesubiri habari za mgonjwa aliyeingizwa chumba cha kupasuliwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mashine.

Kule Gombani, kwenye kliniki ya watoto wenye selimundu alikofanya kazi, Shaame, kijana aliyemsaidia kazi za kompyuta, alikuwa akibadilisha programu inayotunza taarifa za wagonjwa kwenye seva. Toleo lililokuwepo lilikuwa limezeeka. Waliolitengeneza walikwishatangaza kwamba hawalishughulikii tena, na likiingia tundu hakuna wa kuliziba. Ilibidi taarifa zote zitolewe kwenye toleo la zamani zimiminwe kwenye jipya, na njiani isidondoke hata moja. Mafaili ya karatasi yalishaoza tangu mwaka ule upepo wa masika ulipoezua bati la stoo. Kila kilichojulikana juu ya watoto wale kilikuwa ndani ya seva ile.

Kazi hiyo walikuwa wameipanga pamoja, Mwatum na Shaame, wakachagua Ijumaa kwa kuwa kliniki hufungwa. Kisha Hamdan, mumewe Mwatum, mwalimu wa michezo, akaanguka uwanjani mbele ya wanafunzi wake asiinuke tena. Tangu siku hiyo Mwatum alikuwa hajavuka kizingiti cha nyumba ya mkwewe, Tibirinzi. Hitima ya arubaini ilikwishasomwa, wageni wakapungua, sufuria za watu zikarudi kwa wenyewe. Eda ilikuwa bado.

Karibu na adhuhuri simu ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa sauti ya Shaame, imechangamka.

"Dada Mwatum, asalaam alaykum. Bekapu nimechukua, toleo jipya limekaa, data imeingia. Hesabu ya watoto ni ileile, hakuna aliyepungua. Sasa nakwenda Ijumaa. Nikirudi nalifuta la zamani, maana diski imejaa pomoni, jipya halina hata pa kupumulia. Basi usiwe na wasiwasi. Pole na Mungu akupe subira."

Mwatum akaisikiliza mara mbili. Akashusha pumzi. Alipotaka kumwandikia asifute kwanza, mtu akabisha hodi mlangoni, akaiweka simu chini ya mto.

Mgeni alikuwa Bi Shadya, kutoka Shumba Viamboni, na kapu la mihogo kichwani. Mwatum alimjua kwa sura, ni miongoni mwa kinamama wanaokuja kliniki. Bi Mwanawema, mkwewe Mwatum, akampokea kapu, akamkaribisha mkekani, na wakapeana yale maneno ya msiba ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyachoka.

"Nimechelewa kuja, n'wieni radhi," Bi Shadya alisema. "Mie n'na mtoto nyumbani. Suhaib. Kesho nampeleka huko kwenu, mwanangu, wamwongeze damu."

"Suhaib?" Mwatum akauliza. Jina lilikuwa geni kwake. "Huyu wako wa mwisho? Si alishawahi kuongezwa..."

Bi Shadya akamkazia macho.

"Suhaib hajapata kuumwa," alisema polepole.

"Mashaallah," Bi Mwanawema akadakia upesi. "Mungu amkinge na hasad."

Mwatum akaliacha swali lake hapo. Alikuwa ameelewa. Mtoto akiandamwa na maradhi yasiyokoma, wazee husema jina halikumkubali, limemlemea, na mwalimu wa chuoni humtafutia jingine. La kwanza halitajwi tena, wala na mama wala na jirani, yasije maradhi yakasikia yakiitwa yakarudi. Kadi ya kliniki yenye jina la zamani hutiwa motoni. Mtoto huja na jina jipya, hupewa kadi mpya na nambari mpya, na mama akiulizwa historia ya ugonjwa hujibu kama alivyojibu Bi Shadya. Wala hasemi uongo, kwa alivyoamini. Yule aliyekuwa akiumwa hayupo.

Lakini Mwatum alimkumbuka mtoto wa Bi Shadya. Mwaka jana alitundikiwa damu, na kabla chupa haijafika nusu akaanza kutetemeka kitanda kizima, mkojo ukawa kama kahawa. Waliiwahi roho yake mlangoni. Daktari akaandika onyo kwa herufi nyekundu, damu ya namna gani asipewe kabisa. Onyo lile lilikaa chini ya jina la zamani na nambari ya zamani.

Bi Shadya aliaga mapema, awahi nafasi garini kabla watu hawajatoka msikitini. Mlango ulipofungwa, ndipo Mwatum alipoikumbuka ile sauti ya Shaame.

Watoto waliobadilishwa majina walikuwa na hifadhi yao. Aliitengeneza yeye mwenyewe, baada ya mama mmoja kuliona jina la zamani kwenye skrini ya mapokezi, akapiga ukelele na kumtoa mtoto mbio kabla hajatibiwa. Basi Mwatum akayatenga. Ndani ya seva ileile akafungua hifadhi nyingine, ndogo, akaiita "majina", na humo mlikuwa na kitu kimoja tu: jina na nambari ya zamani ya kila mtoto, na nambari yake mpya. Mama humwinamia sikioni Bi Mardhiya, nesi mkongwe, akalitaja jina mara moja, na Bi Mardhiya akayaunganisha. Karani haoni kitu. Daktari akifungua kadi mpya, historia ya zamani inakuja bila ya jina.

Shaame alipokuja kazini, "majina" yalikuwepo zamani na yalikuwa hayasumbui. Walipopanga kazi hii walizungumzia hifadhi kubwa, ya kliniki. Hii ndogo Mwatum alikusudia kumwonyesha kesho yake. Kesho yake walikuwa makaburini.

Hesabu ya watoto ni ileile. Bila shaka ingekuwa ileile! Wote wamo, wa nambari mpya na wa nambari za zamani. Kilichobaki nyuma ni uzi unaowaunganisha, na huo hauhesabiwi pamoja na watoto.

Akaitoa simu chini ya mto. Akampigia Shaame, hapokei; akamwandikia, hasomi. Mlinzi, Mzee Silima, hapatikani. Bi Mardhiya alistaafu jana, keshavuka Unguja kwa wanawe, na hata angepatikana, majina yale hasemi hata umfunge kamba. Seva yenyewe haikuweza kufikiwa kwa mtandao kutoka nje. Hilo Mwatum ndiye aliyeling'ang'ania, kwa ajili ya usalama.

Kwa Suhaib, Mwatum angeweza kumwonya daktari kwa mdomo wake. Lakini wale wengine? Hakuwajua wote. Wapo waliobadilishwa wakiwa wachanga, wapo waliohamia kutoka Wete na Micheweni. Siku yoyote mmoja wao angelazwa pale akiwa mgeni asiye na historia, na mama yake pembeni akiapa kwamba hajapata kuumwa.

"Mama," alisema, "lazima nitoke."

Bi Mwanawema alikuwa kwenye msala, tasbihi mkononi.

"Utoke wende wapi?"

"Gombani. Kazini."

"Aka! Mjane wa mwanangu atoke na jua la Ijumaa? Mpigie huyo kijana wako."

"Yuko msikitini."

"Mpigie mlinzi."

"Naye yuko msikitini. Wote wako msikitini, Mama."

"Basi ngoja watoke."

"Wakitoka anafuta."

"Anafuta n'ni?"

Mwatum akapiga magoti mbele ya msala. Hakujua aanzie wapi, akaanzia mwisho. "Wale watoto waliopewa majina mapya..."

Bi Mwanawema akainua kiganja. "Usinitajie mtoto wa mtu."

"Sitaji, Mama. Wala mie mwenyewe siyajui yote. Mashine ndiyo inayoyajua. Na leo inayasahau. Akija mtoto ambaye damu fulani ilimkataa, wataitundika ileile, maana mama yake atasema hajapata kuongezwa."

Tasbihi ikasimama. Nje, kutoka msikitini, kipaza sauti kilikohoa, na khatibu akaanza kuhimidi.

"Hamdan," Bi Mwanawema alisema, "silo jina nililomzaa nalo."

Mwatum akamtazama. Miaka yote ya ndoa, hakuna aliyemwambia.

"Alikuwa haponi. Homa ikitoka mlango huu inaingia ule. Mwalimu akampa Hamdan. Wiki ileile nikampeleka hospitali, wakaniuliza, Bibi, huyu keshapigwa sindano hii? Nikawaambia hajapata. Na alikwishapigwa, ikamvimba uso hata macho yakaziba. Wakampiga tena."

"Ungewaambia, Mama."

"Niwaambie n'ni? Hamdan alikuwa hajapata kuumwa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Na leo nikiulizwa nitajibu vivyo hivyo. Siye kazi yetu kusahau, ndivyo tunavyowashika watoto wasiondoke. Kama nyie mna kitu kinachokumbuka bila ya kutaja, basi hicho msikipoteze." Akaushika ukuta, akainuka, magoti yakalia. "Vaa buibui. Shehe si alisema mbele yetu, haja ya mchana ina ruhusa? Ila peke yako hwendi."

Mwatum akaichukua laptop yake kabatini, akaikumbatia ndani ya buibui, akashusha nikabu. Mlangoni mguu wake ulisita juu ya kizingiti, kama unaouliza. Akauvusha.

Barabara ilikuwa tupu. Bajaji zilikuwepo, zimepangwa kivulini, lakini hakuna hata moja yenye dereva. Ijumaa saa ile mwanamume anayeonekana njiani ni mgonjwa au mgeni. Wakenda kwa miguu, mwendo wa Bi Mwanawema, na khutba ikiwafuata kutoka msikiti huu hadi ule. Mwatum hakusikia maneno. Alisikia tu kwamba khatibu bado anasema, na madhali anasema, hakuna kinachofutwa. Kila khatibu alipotua kuvuta pumzi, Mwatum alitega sikio.

Barazani kwake, Bi Mwanabaraka alikuwa akikaanga vitumbua. Akawaona, akasimama na mwiko mkononi.

"Bi Mwanawema! Mkaza mwana wako keshamaliza eda? Au siku hizi mnazihesabu kwa simu?"

"Zinahesabiwa na Mungu," Bi Mwanawema alijibu bila kusimama. "Weye hesabu vitumbua vyako, vinaungua."

"Mie nauliza tu!"

"Na mie nakujibu tu!"

Walipofika penye mteremko, khatibu alinyamaza. Ikaja iqama, kikaja kile kimya ya watu wengi waliosimama pamoja. Mwatum akaanza kutangulia bila kujijua, akarudi, akatangulia tena.

"Nenda," Bi Mwanawema akamwambia. "Nakuona. Nenda!"

Salamu ya mwisho ilimkuta Mwatum bado njiani. Alipofika kliniki, watu walishaanza kumwagika barabarani, na pikipiki ya Shaame ilikuwa tayari imeegeshwa ndani ya uzio. Alikuwa amesali msikiti wa jirani, ule wa khutba fupi.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akapiga simu, ikaita, ikaita. Bila shaka aliiacha kimya tangu msikitini. Akagonga, akaita. Akazunguka nyuma, kwenye dirisha la chumba cha seva, ambako mashine ya ubaridi ilinguruma kuliko sauti yake, akapiga kioo kwa kiganja mpaka kikatikisika.

Shaame akageuka, akaruka kutoka kitini. Aliona mwanamke wa nguo nyeusi kuanzia juu hadi chini.

"Ni mie, Mwatum! Fungua!"

Akafungua, kofia yake ya Ijumaa imekaa upande. "Dada? Na eda?"

"Umeshafuta?"

"Nimefuta," alisema, na kwa fahari kidogo. "Sasa hivi tu."

Mwatum akakaa pale pale, kwenye benchi la mapokezi. Hakulia. Alihisi kitu alichokihisi siku ile walipomletea viatu vya Hamdan bila ya Hamdan: kwamba jambo limekwisha na yeye bado anakimbia.

Bi Mwanawema akaingia, anahema. "Umefuta n'ni, kijana?"

"Programu ya zamani, Bibi. Na bekapu za mwaka jana."

Mwatum akainua kichwa. "Na data yake? Folda lenyewe?"

"Folda nililihamishia diski ya nje. Nililizima kwanza ndipo nikanakili, dada, usinione hivi. Si weye uliyenifundisha la zamani lisitupwe siku ileile linapoingia jipya? Lakini halina faida tena. Kila kitu kimo kwenye jipya."

"Hakimo," Mwatum alisema. Akamweleza.

Shaame alisikiliza, na uso wake ukaanza kubadilika kabla hajafika mwisho. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Mie nilichukua bekapu ya kliniki tu," alisema. "Hiyo nyingine niliiona. Nikadhani ni ya majaribio."

"Hukuambiwa."

"Na sasa folda ni la toleo la zamani. Jipya halitaweza kulifungua. Na la zamani nimeling'oa."

"Mie ninalo." Akaitoa laptop buibuini. Ndimo walimofanyia mazoezi kabla ya msiba, na toleo la zamani lilikuwa bado limo. "Seva usiiguse. Diski nayo usifanyie kazi juu yake, tunakili kwanza. Likiharibika, liharibike lililonakiliwa."

Wakachomeka diski. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini, ukasimama, ukatambaa. Bi Mwanawema alikaa nyuma yao, akavuta tasbihi, akauliza mara moja tu: "Hiyo ikifika mwisho ndiyo kupona?"

"Ndiyo kuanza kujaribu, Mama."

Ikafika mwisho. Mwatum akaandika amri ya kuliamsha toleo la zamani juu ya folda lile. Likakataa. Mstari mmoja wa maneno, kisha giza.

"Limekufa?" Shaame akanong'ona.

Mwatum akausoma mstari tena. "Halijafa. Linasema folda si lake. Limekuja na mwenyewe wa kule." Akabadilisha umiliki na ruhusa, akaandika amri upya, akabonyeza, akafumba macho.

"Dada," Shaame alisema. "Limeamka."

Zilikuwepo zote mbili. Kliniki, na chini yake, kwa herufi ndogo kama aibu, majina. Akayatoa hayo majina, akayanakili mahali pawili, ndipo akamwachia Shaame ayamimine kwenye toleo jipya.

Shaame akataka kusema alhamdulillahi. Mwatum akamzuia kwa mkono. "Bado. Kuingia si kujibu. Mfungue Suhaib, wa Shumba Viamboni."

Kadi ikafunguka: jina jipya, nambari mpya, tarehe ya juzi. Kwa muda haikuonyesha zaidi ya hayo. Kisha historia ikashuka chini yake, homa, vidonge, kulazwa, na ile miandiko myekundu ya daktari ikasimama juu kabisa.

"Huyu nusura tumuue kesho," Shaame alisema kwa sauti ndogo.

Mwatum alikuwa tayari ameshaomba afunguliwe wa pili.

Wakaenda hivyo mmoja mmoja. Shaame akitaja jina jipya, Mwatum akilisoma la zamani kwa macho tu, midomo imefungwa, akilinganisha nambari, akifungua historia, akiitikia kwa kichwa. Bi Mwanawema alikuwa amegeuza kiti akaukabili ukuta, asije akaona jina la mtoto wa mtu. Wakasali alasiri, wakaendelea. Mmoja hakulingana, Mwatum akarudia kusoma. Wakakuta Shaame alitaja nambari ya jirani yake. Wakaendelea.

Jua lilipopungua dirishani, Bi Mwanawema alisema akiwa bado anautazama ukuta: "Mwatum. Mjane halali nje. Wamebaki wangapi?"

"Wengi, Mama."

"Wanaweza kulala?"

Mwatum akafikiri. Diski ya zamani ingefungiwa kabatini, isiguswe. Nakala moja ingekwenda naye Tibirinzi ndani ya laptop. Folda la zamani halitafutwa mpaka wa mwisho ajibu, na hata hapo litakaa. Umeme ukikatika, paka akikanyaga waya, nyumba ikiungua, bado pana mahali pengine. Akatafuta tundu jingine, na jingine, akaona kwamba angeweza kutafuta mpaka alfajiri.

"Wanaweza," alisema, lakini hakusimama.

Bi Mwanawema akageuza kiti. "Kijana, hapo usiguse kitu mpaka tuje."

"Sigusi, Bibi. Wallahi hata kufagia sifagii."

"Na kesho huyo Suhaib akija, mama yake msimuulize maswali. Tazameni kwenye mashine yenu, mtende kazi."

"Tutakuja kweli, Mama?" Mwatum akauliza. "Kesho tena? Na watu?"

Bi Mwanawema alikuwa ameshafika mlangoni, anatafuta viatu vyake kwa mguu.

"Haja haijesha," alisema. "Funga hiyo, twende. Asubuhi nitakuamsha."